Chombo cha Kuandikia Kitii Lugha ya Mwandishi

Mhariri atakayeiamuru kompyuta imtafutie neno kitabu katika mswada wa kurasa mia tatu ataonyeshwa kila mahali neno hilo lilipoandikwa kwa umoja, lakini vitabu vyote vilivyotajwa ndani ya mswada huo vitapitwa kana kwamba havimo. Na ikiwa, kwa kutaka uangalifu zaidi, amechagua ile amri ya kutafuta neno zima pekee, basi hata neno kitabuni litaachwa nyuma, naye ataifunga kazi yake akiamini kwamba ameisahihisha yote ilhali ameisahihisha nusu. Kosa hili si la mhariri, wala si la mashine, maana mashine imetenda sawasawa na ilivyofundishwa. Ni kosa la mafunzo yenyewe, ambayo yalitungwa na watu ambao maneno ya lugha yao aghalabu hubadilika mkiani, yakaletwa kwetu sisi ambao maneno yetu hubadilika kichwani, nasi tukayapokea bila kuyauliza swali hata moja. Muradi wangu katika makala haya ni kuwasihi wenzangu wote wanaoandika Kiswahili kwa kompyuta, wawe waandishi wa habari, watunzi, wafasiri au makarani, wasiridhike na vitufe na amri za kutafuta kama walivyozikuta, bali wazipange upya kwa kadiri ya lugha yao na kazi yao, kwa sababu idhini ya kufanya hivyo wamekwisha kupewa na watungaji wa programu wenyewe, ilhali waandishi wengi hawaijui.

Kila chombo cha kuandikia huja na desturi za watu waliokiunda, na desturi hizo, zikishakaa miaka mingi, hudhaniwa kuwa ni maumbile. Herufi za kibodi tunazozibonyeza leo zilipangwa Milwaukee, Marekani, na Christopher Latham Sholes pamoja na wenzake, na mashine yao ikaingia sokoni mwaka 1874 kwa mkono wa kampuni ya Remington. Na katika mpango huo herufi a iliangukia chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho ni dhaifu kupita vidole vyote. Kwa Mwingereza, ambaye herufi e ndiyo inayomjia mara nyingi zaidi, jambo hilo halikuwa la kumtaabisha sana. Lakini kwa Mswahili, ambaye hawezi kuandika wanafanana wala hawatakaa bila kukitumikisha kidole hicho hicho mara tano kwa neno moja, ni mzigo wa kila siku ambao hakuuchagua. Sisemi kwamba tuzitupe kibodi tulizo nazo. Nasema tu kwamba hakuna kitufe hata kimoja kilichowekwa mahali pake kwa ajili yetu, na kwa hiyo hakuna kitufe ambacho tunapaswa kukionea haya.

Wala si herufi peke yake zilizowekwa kwa sababu za mahali na za wakati. Mwaka 1976, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, mwanafunzi aitwaye Bill Joy alikuwa akitunga programu ya kuhariria matini iliyokuja kuitwa vi, naye alikuwa akiitumia mashine ya ADM-3A ya kampuni ya Lear Siegler, ambayo haikuwa na vitufe maalumu vya mishale, bali mishale minne ilichorwa juu ya herufi h, j, k na l. Kwa sababu hiyo, na si kwa hekima nyingine iliyofichika, watumiaji wa vi na wa warithi wake hutembea ndani ya matini kwa herufi hizo nne mpaka leo, wakiwa mahali ambapo mashine ile haijaonekana kamwe. Katika mashine hiyo hiyo kitufe cha Esc kilikuwa karibu na mkono, kushoto kwa herufi q, na kile cha Ctrl kilikuwa kando ya herufi a. Ilhali katika kibodi za leo Esc imesukumwa pembeni kabisa na mahali pa Ctrl pamekaliwa na Caps Lock, kitufe kikubwa ambacho mwandishi hukihitaji kwa nadra. Basi yule anayeihamishia kazi ya Esc au ya Ctrl kwenye kitufe cha Caps Lock, jambo ambalo baadhi ya watumiaji hulifanya wanapopata kompyuta mpya, hafanyi uasi wowote. Anakirudisha kitu karibu na mahali kilipokuwa kabla hakijahamishwa.

Programu ya vi ilipata mrithi aitwaye Vim, kazi ya Mholanzi Bram Moolenaar, aliyeanza kuitengeneza kwa matumizi ya kompyuta yake ya aina ya Amiga na kuitoa kwa watu mwaka 1991. Hapa pana habari ambayo wasomaji wa Afrika Mashariki wanastahili kuijua, na ambayo yanisikitisha kwamba haikutangazwa vya kutosha miongoni mwetu. Mwaka 1994 Moolenaar alikaa mwaka mmoja kwa kujitolea katika kituo cha watoto cha Kibaale, wilayani Rakai, kusini mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Tanzania, katika nchi ambayo UKIMWI ulikuwa umewaacha watoto wengi bila baba wala mama, na kazi yake huko ilikuwa ya maji na usafi. Aliporejea kwao hakuwasahau wale watoto: alisaidia kuanzisha mfuko wa kuwachangia, akaitoa programu yake kwa kila atakaye bila ya malipo, na badala ya kujiombea ujira akamwomba kila aliyeridhika nayo awape yatima hao alichojaliwa, hata ikawa, kwa miaka mingi, mtu yeyote popote duniani aliyeifungua Vim bila ya faili alisoma kwenye kioo maneno ya kumkumbusha watoto wa Uganda. Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023. Namtaja kwa taadhima kwa sababu mbili, ya kwanza ikiwa ni ihsani yake kwa jirani zetu, na ya pili ikiwa ni kwamba aliitunga programu ambayo takriban kila kitufe chake chaweza kugeuzwa na mwenye kuitumia kwa kuandika mstari mmoja katika faili ndogo ya mipangilio, na kwa hiyo, ingawa chombo hicho hakikuzaliwa kikijua lugha zetu, mlango wa kukifundisha umeachwa wazi.

Natutazame namna ya kukifundisha. Katika Vim, mwandishi akiwa katika hali ya kuamuru, kitufe cha mkwaju hufungua utafutaji, herufi n humpeleka penye tokeo linalofuata, na kitufe cha nyota hulichukua neno lililo chini ya kielekezi na kulitafuta kotekote bila ya kumtaka aliandike. Amri hii ya nyota ni tamu, lakini ilitungwa kutafuta neno zima peke yake, likiwa na mpaka mbele na mpaka nyuma, na katika Kiswahili mipaka hiyo ni nadra kutusaidia, kwa kuwa viambishi vyetu hujishika na shina pande zote mbili. Anayeiweka nyota juu ya neno soma hataliona anasoma, wala hawakusoma, wala msomaji. Programu yenyewe inayo amri nyingine, g ikifuatwa na nyota, ambayo haiijali mipaka hiyo. Na mwandishi wa Kiswahili atakayeandika katika faili yake ya mipangilio mstari huu mmoja, nnoremap * g*, atakuwa ameipa nyota tabia inayoifaa lugha yake, naye hatalazimika kuikumbuka tofauti hiyo tena.

Hatua ya pili ni kujifunza ruwaza za kutafutia, yaani vigezo vinavyonasa maumbo mengi ya neno kwa mara moja, na hapa ndipo penye hazina hasa. Asili yake ni hisabati: Stephen Kleene wa Marekani ndiye aliyeziwekea msingi katika miaka ya 1950, na mwaka 1968 Ken Thompson akachapisha njia ya kuifanya kompyuta izitafute kwa haraka, naye akazitia katika programu za kuhariria alizozitengeneza, na kutoka humo zimeenea hata kufika katika programu za ofisini zinazotumiwa na kila karani. Katika ruwaza, herufi zinazotiwa ndani ya mabano ya mraba husimama mahali pa herufi moja tu, iwe yoyote kati yao. Kwa hiyo [kv]itabu huleta kitabu na vitabu kwa pamoja, na aliyelielewa hilo amekwisha kuielewa sehemu kubwa ya ngeli ya KI-VI, kwani ataandika [kv]iti, [kv]isu na [kv]ijiji kwa kanuni iyo hiyo. Kwa vitenzi ni afadhali kutafuta shina na kuziorodhesha irabu na konsonanti zinazoweza kulifuata: som[aeiw] itayanasa asome, hasomi, wamesomwa, kusomesha na hata msomaji, na kweli itamnasa Msomali naye, lakini mtafutaji hupata hasara ndogo kwa kuletewa kimoja asichokitaka kuliko kwa kufichwa kumi anavyovitaka. Waama, aijuaye lugha yake ataona kwamba penda hugeuka katika mpenzi na mapenzi, akaandika pen[dz], na papo hapo kanuni ya sarufi aliyofundishwa shuleni itamletea faida mbele ya macho yake.

Kuna dhara moja ambalo nataka kulieleza kwa kirefu, maana limeziharibu kazi nyingi pasipo wenyewe kulitambua, nalo ni la ng'ombe, ng'ambo, king'ora na maneno yote yenye sauti hiyo. Alama inayofuata ng huandikwa na kibodi ikiwa imenyooka, lakini programu nyingi za ofisi huipinda zenyewe bila kuuliza, kwa kudhani kwamba mwandishi anafunga nukuu. Na mbele ya macho ya binadamu alama hizo mbili ni kitu kimoja, ilhali mbele ya kompyuta moja ni nambari 39 na nyingine ni nambari 8217, wala hazijuani. Mswada uliopita mikononi mwa watu watatu huwa na ng'ombe wa namna mbili, na atakayetafuta wa namna moja hatawaona wa pili, na faharasa ya kitabu ikitengenezwa kwa mashine itawagawa mafungu mawili. Kinga yake ni kuziweka alama zote mbili ndani ya mabano ya mraba kila unapotafuta, yaani ng['’]ombe. Fauka ya hayo, Vim huihesabu alama hiyo kuwa ni mpaka wa neno, kwa hiyo mwandishi anayeiamuru ifute neno huona ng imeondoka na ombe imebaki; lakini mstari mmoja katika faili ya mipangilio, set iskeyword+=39, hulifanya neno zima liwe neno. Mstari huo una herufi zisizozidi ishirini, na taabu unayoiondoa ni ya umri mzima.

Kubadilisha neno kwa neno kunataka hadhari kubwa kuliko kutafuta. Mwandishi wa Kiingereza anaweza kuiamuru mashine iondoe neno moja na kuweka lingine mahali pote, na aghalabu sentensi zake zitabaki zimesimama. Sisi hatuwezi, kwa sababu kitabu hiki changu kimepotea kikigeuzwa kuwa gazeti bila ya mkono wa mtu kutazama, hubaki gazeti hiki changu kimepotea, na upatanisho wa kisarufi huanguka katika kila mstari. Programu karibu zote zina amri ya pili ya kubadilisha, ile inayosimama penye kila tokeo na kuuliza kwanza. Katika Vim ni herufi c inayowekwa mwishoni mwa amri. Rai yangu ni kwamba mwandishi wa Kiswahili aifunge amri hii ya kuuliza kwenye kitufe kilicho karibu zaidi na kidole chake, na ile ya kubadilisha yote kwa mkupuo aiweke mbali, mahali ambapo mkono hautaifikia kwa bahati mbaya.

Kibodi hii iliyopangwa kwa ajili ya wengine imetuachia neema moja ambayo wenyewe waliopangiwa hawana. Tahajia sanifu ya Kiswahili haina q wala x. Vitufe viwili vizima vimekaa kitako mbele yetu, na mwandishi wa Kiswahili asiyeandika majina ya kigeni anaweza kupitisha siku nzima bila ya kuvigusa. Na kwa kuwa hakuna neno letu lenye herufi hizo, kifupisho chochote kitakachoanza kwa mojawapo hakiwezi kugongana na neno la kweli. Mwandishi wa Vim akiandika inoremap xn ng' katika mipangilio yake, kila atakapobonyeza x na n ataletewa ng' iliyo sahihi, yenye alama moja isiyobadilika. Na anayetumia programu ya kawaida ya ofisi anaweza kupata faida iyo hiyo kwa kupitia orodha ya masahihisho ya papo kwa papo, akaandika humo kwamba qjm iwe Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, au kwamba qwm iwe Waziri Mkuu. Anayeandika habari za Bunge kutwa kucha ataona mara moja ni muda gani aliokuwa akiupoteza.

Atakayesema kwamba huku ni kuuchokoa ustaarabu wa wenyewe na akumbuke walivyofanya wazee wetu wa Lamu, Pate na Mombasa walipopokea herufi za Kiarabu. Herufi zile hazikuwa na p, wala ch, wala v, na hapo kale herufi moja ya ba ilibebeshwa sauti za b, p na mb, msomaji akaachiwa kukisia. Lakini wanazuoni wa pwani hawakusema kwamba Kiswahili kiache sauti zake kwa sababu kalamu haizijui, bali walizitia herufi nukta na alama mpaka zikaitii lugha, wakazitumia kwa tenzi, kwa nyaraka za biashara na kwa barua za nyumbani. Warithi wa watu wale kushindwa kuandika mstari mmoja katika faili ya mipangilio ni jambo nisiloweza kulielewa.

Zipo hoja za upande wa pili, na insafu yataka zisikilizwe. Husemwa kwamba kupanga vitufe ni israfu ya wakati, na kwamba wako watu ambao huing'arisha faili yao ya mipangilio wiki baada ya wiki wala hawaandiki ukurasa. Ni kweli, watu hao wapo. Lakini seremala anayeupiga msasa mpini wa tezo yake mpaka uenee katika kiganja chake hatumlaumu, mradi baadaye achonge mbao. Na kipimo ninachokipendekeza ni kwamba mtu asigeuze kitufe chochote isipokuwa kile kilichomkwaza mara kwa mara katika kazi halisi. Husemwa pia kwamba aliyejipangia vitufe vyake huwa mgeni anapoketi mbele ya kompyuta ya mwingine, na hoja hii ina uzito, tena historia yenyewe inaithibitisha. Katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, wakati wa programu ya kuhariria iitwayo TECO, kila mtumiaji alijitungia amri zake mwenyewe hata ikawa mmoja hawezi kuifanya kazi ya mwenzake. Na mwaka 1976 Guy Steele aliianza kazi ya kuzikusanya amri hizo ziwe za namna moja, Richard Stallman akaiendeleza mpaka ikawa programu iitwayo Emacs. Zingatia, hata hivyo, suluhisho walilolichagua: waliweka msingi mmoja wa wote, kisha juu ya msingi huo wakauacha uhuru wa kila mmoja ukiwa kamili, hata leo katika Emacs ile herufi a yenyewe si kitu ila ni kitufe kilichofungwa kwenye amri ya kuandika a, nayo yaweza kufunguliwa. Nasi tufuate njia hiyo. Amri za kunakili, kukata na kubandika, ambazo programu nyingi zimeafikiana juu yake, tusiziguse; tuzipange zile ambazo Kiswahili kinazidai, na tuzihifadhi katika faili ambayo mtu anaweza kuichukua katika simu yake na kuiweka popote aendapo.

Wasiotumia Vim wala Emacs wasidhani kwamba habari hizi haziwahusu. LibreOffice, ambayo hupatikana bure, ina mahali pa kubadili kazi za vitufe katika orodha ya zana, na katika dirisha lake la kutafuta na kubadilisha kuna kisanduku cha kuruhusu ruwaza, ambacho kikitiwa alama, [kv]itabu hufanya kazi humo kama nilivyoeleza. Programu nyingine za ofisi zina njia zao zinazokaribiana na hizo.

Nawaomba, basi, wakuu wa vyumba vya habari watenge siku moja ya kuwafundisha wahariri wao ruwaza za kutafutia, na walimu wa kompyuta katika shule zetu wasiishie kufundisha namna ya kufungua faili na kuifunga, bali waonyeshe pia mahali mipangilio inapokaa na kwamba ni ya mwanafunzi kuigeuza. Na Baraza la Kiswahili la Taifa, ambalo tangu mwaka 1967 limebeba amana ya kuilinda lugha hii, naliomba litoe orodha ya ruwaza kwa kila ngeli, pamoja na kanuni moja ya alama ya ng', katika faili ndogo ambayo mwandishi yeyote wa Kiswahili ataweza kuinakili bila ya malipo.